Magogo Bado Mabichi

9 Februari

Mdogo wangu Nukta,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku tu wazima, ukiacha goti langu la kulia ambalo limekanyaga cherahani miaka thelathini na sasa linacheza lenyewe hata nikiwa nimekaa kwa daktari wa meno. Binti yangu amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, sauti ya kilo kumi. Shangazi alikuja kumwona, akasema amefanana na wewe, kisha akamwombea abadilike.

Barua yako ya nyumba imefika. Niliisoma mara mbili, halafu nikamsomea Shangazi. Unataka kujenga kwenye kiwanja cha mama kule mlimani, na unataka nyumba ya magogo. Siyo matofali, siyo mbao zilizopasuliwa, magogo mazima yaliyolazwa moja juu ya jingine. Shangazi akauliza kama unahamia na mbuzi. Nikamwambia sijui, mbuzi hukuwataja.

Umesema mambo yote ya nyumba tuandikiane, tusiyaseme kwa simu. Sawa. Nakumbuka ugomvi wetu wa rangi ya geti, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyesema kijani.

Jumamosi mbili sasa nimezunguka yadi za mbao na utepe wangu wa kupimia nguo shingoni, wauzaji wakinitazama kama nimepotea njia. Nimejifunza aina tatu. Mkaratusi umenyooka vizuri na bei yake haitishi, lakini wenyewe wanakiri kwamba ukikauka unajipinda na kupasuka hadi mlio usikike. Kwa lugha ya kazi yangu, ni kile kitambaa kinachong'aa dukani na kikifuliwa mara moja bwana harusi anabaki na suruali ya mtoto. Msonobari ni mwepesi, unachongeka, hauna makuu, ila mchwa wanaupenda mno usipotiwa dawa. Mwerezi unanukia na mchwa wanaukimbia, lakini magogo yake ni membamba, na muuzaji akikutajia bei anaangalia pembeni.

Sasa nijibu mawili. Kwa nini magogo? Na kwa nini paa lazima liwe juu kabla ya Desemba? Umekaa huko miaka ishirini na mbili bila hata kibanda huku. Leo miezi kumi inakuuma wapi?

Dada yako


3 Machi

Dada mpenzi,

Nakuamkia, na hongera kwa kuwa bibi. Mwambie binti yako kufanana nami si ugonjwa, mimi nimeishi nao miaka hamsini na moja.

Huku kazi ni ileile. Wiki hii nasahihisha kitabu cha ufugaji wa nyuki, kurasa mia nne, na mwandishi wake anaamini koma ni mapambo. Na kwa kuwa kazi hainiachi hata nyumbani: ni cherehani, Dada, siyo cherahani. Unaikalia kila siku, walau ujue jina lake.

Umeuliza kwa nini magogo. Mwaka wangu wa kwanza huku nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, na nyumba yake ilikuwa ya magogo. Nilikuwa mgeni wa kila kitu, sijui lugha, sijui hata basi linasimama wapi. Lakini nikiingia mle ndani nilikuwa napumua. Kuta zilikuwa na harufu. Ukuta ukipoa jioni ulitoa sauti kidogo, kama mtu anayejinyoosha. Baada ya hapo nimekaa ghorofa sita tofauti za zege, na kwenye zote nimesikia tu mabomba ya jirani.

Nataka vyumba vitatu, ngazi saba za mawe mbele, na baraza pana la kutazama bonde. Hilo baraza ndilo nyumba, mengine ni ya kulishikilia.

Desemba ni kwa sababu nina likizo Desemba. Hakuna siri. Nenda kwa yule anayeitwa Bingwa, nimeona tangazo lake, anasema magogo yake ni makavu na anajenga kwa miezi mitatu.

Nukta


28 Machi

Mdogo wangu msahihishaji,

Salamu zimefika. Mtoto ameshapata jina la utani, Kengele. Shangazi ameanza kutembea na fimbo. Siyo kwamba miguu inamsumbua, anaitumia kunyooshea watu.

Kwa Bingwa nimekwenda. Bango lake ni kubwa kuliko ofisi. Magogo yamepakwa vanishi yanang'aa, yamepangwa kando ya barabara kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Akasema yamekauka miaka miwili. Nilijaribu kunyanyua ncha ya moja, likakataa hata kutikisika. Nikamwomba kipande kidogo cha kuondoka nacho, akacheka na kuniuliza kama nakwenda kupikia. Nilipofika nyumbani nilikifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kukiacha juani kutwa nzima, pale nje karibu na cherahani. Jioni mfuko ulikuwa umelowa kwa ndani kama kioo cha bafuni. Gogo la miaka miwili halitoki jasho namna hiyo. Vanishi ile ni poda tu usoni.

Mafundi niliowaita ni watatu. Wa kwanza alileta picha za nyumba aliyojenga, nzuri kweli, mpaka nilipovaa miwani nikaona ni saruji iliyopakwa rangi ya magogo. Wa pili alisema ndiyo kwa kila kitu. Nikamuuliza kama anaweza kuanza na paa akashuka chini, akasema inawezekana, inategemea.

Wa tatu wanamwita Polepole. Ni mtu wa makamo, mrefu, mikono imejaa makovu ya patasi, mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Nilimpeleka mlimani. Alizunguka kiwanja, akakaa kwenye jiwe karibu nusu saa, kisha akauliza mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Hilo hakuna mwingine aliyeuliza. Halafu akasema magogo yakatwe sasa, yabambuliwe magome, yapangwe chini ya banda hewa ipite katikati yake, na tuonane mwakani mwezi wa pili. Nikamwambia mdogo wangu anataka Desemba. Akasema, "Basi mdogo wako atafute fundi mwingine, mimi sitamlaumu."

Alinieleza kwamba gogo bichi likiwekwa ukutani linasinyaa likiwa huko huko, ukuta unashuka, milango inakwama, mapengo yanafunguka. Nilimwelewa kabla hajamaliza. Mimi kitambaa nisichokijua hukilowesha na kukianika kabla ya kukikata. Nikikata kwanza, kitasinyaa mwilini mwa mteja, na mteja atarudi dukani kwangu nacho.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mama Msumeno, mwenye shamba la miti na mashine ya kupasulia. Yule mama alinihoji kuliko nilivyomhoji. Nani atakaa humo, nani atapaka mafuta kila mwaka, mtafuga nini. Anasema mti aliouotesha yeye mwenyewe haupeleki kwa mtu asiyemjua. Ushauri wao wote wawili ni mmoja: safu za chini, karibu na ardhi, ziwe mwerezi, na za juu msonobari. Mimi na cherahani yangu tunakubali.

Niambie nimwambie nini Polepole.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Huku salama. Samahani kwa kuchelewa.

Kuna mabadiliko. Ngazi sitaki, hata moja. Mlango mkuu uwe mpana na usiwe na kizingiti. Vyumba viwili vinatosha. Choo kiwe ndani, njia ya kwenda huko iwe imenyooka kutoka kitandani. Baraza liwe na ubao wa kushikia mkono, pande zote.

Mwakani ni mbali. Nunua kwa Bingwa, hata kama magogo yanatoka jasho, yatakaukia ukutani. Iwe Desemba. Tafadhali usinibishie.

Nukta


12 Mei

Nukta,

Sote wazima, Kengele anaota jino, Shangazi anakusalimu na fimbo yake. Nimemaliza salamu.

Nakubishia. Kwenye barua yangu ya Machi niliandika cherahani mara mbili, kwa makusudi, kukuchokoza. Hukusema kitu. Wewe, uliyemrudishia mwalimu mkuu barua ya kukufukuza shule akiwa ameikosea herufi tatu, huwezi kuipita cherahani kimya kimya.

Halafu mwandiko. Barua yako ya Machi ilikuwa na herufi zako za siku zote, ndogo na zilizojipanga. Hii ya sasa ina herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, mistari inapanda kilima, na mstari wa mwisho umeandikwa juu ya ule unaoutangulia. Nimeisoma nikiwa nimeiinamisha kama sinia.

Halafu hizo ngazi. Machi unataka saba, Aprili hutaki hata moja. Mtu anayetaka ubao wa kushikia pande zote za baraza si mtu wa likizo.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kwa Bingwa sijaenda wala siendi. Magogo ya msonobari yamekatwa kwa Mama Msumeno wiki iliyopita, Polepole alichagua mti mmoja mmoja, akiugonga kwa mgongo wa shoka na kusikiliza. Nilimuuliza anasikiliza nini. Akaniambia mti uliooza ndani unajibu kwa sauti ya mtu aliyetoka kulala. Yamebambuliwa, yapo chini ya banda, meupe kama viazi vilivyomenywa. Ukasirike ukitaka.

Ila uniambie. Mimi ndiye niliyekufunza kufunga kamba za viatu. Unaficha nini?

Dada yako


7 Julai

Dada mpenzi,

Utaona mwandiko huu si wangu. Ninamtamkia mama mmoja tunayefanya naye kazi, meza yake inapakana na yangu. Ameahidi kuandika kila neno bila kuniongezea huruma.

Nakuamkia. Nimekaa miezi miwili bila kukujibu kwa sababu kila nikianza naishia kwenye salamu.

Ni macho. Daktari anasema ni presha ya macho, na imekuwa ikila pembeni kwa miaka bila kuniuma, ndiyo sababu sikujua. Jicho la kushoto limeshafunga. La kulia naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Ninatia matone asubuhi na jioni. Yanachelewesha tu, hayarudishi. Anasema mwaka mmoja, pengine kasoro.

Niligundua kazini. Kitabu kilichotangulia kile cha nyuki kilipotoka, mwezi wa Januari, kilikuwa na makosa kumi na tisa, na yote yalikuwa upande wa kushoto wa ukurasa. Mkuu wangu alidhani nimeanza kulewa. Mimi mwenyewe ningefurahi kama ingekuwa pombe.

Sasa unaelewa Desemba. Ninataka kuiona, Dada. Nyumba moja yangu, mara moja, nikiwa nimesimama mbele yake. Niangalie paa linavyokaa. Baada ya hapo ikipinda ipinde, mimi sitakuwa naona imepindia upande gani. Fundi wako ana haki, najua. Lakini yeye anahesabu miezi ya magogo, mimi nahesabu yangu.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utafunga duka na kupanda ndege ya kwanza na kuja kunipikia. Naomba usifanye hivyo. Naomba ununue magogo makavu au mabichi, popote, kwa yeyote, na nyumba isimame.

Nukta

(Mimi mwandishi: hajaniambia niandike hili, lakini anakula vizuri na bado anatusahihisha kwa masikio tunapozungumza.)


20 Julai

Mdogo wangu,

Mshukuru huyo mama wa meza ya jirani, mwambie nitamshonea gauni, anitumie vipimo.

Nililia, sikufichi. Nililia nikiwa kazini na nikashona mkono wa koti la watu nje ndani. Mteja alikuja akalijaribu, akauliza kama ndiyo mtindo mpya. Nikalia tena, akaniachia koti na kuondoka taratibu. Shangazi nimemwambia. Aliiweka fimbo chini, jambo ambalo sijawahi kuliona, halafu akauliza barua hii inakwenda lini ili aweke salamu zake. Hizi hapa: anasema uje nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nikapanda mlimani. Polepole alikuwa anageuza magogo ili upande wa chini nao upate hewa. Nikamwambia yote. Nikamwambia najua anachoamini, lakini sasa ninamwomba, kama mtu ninayemheshimu, ajenge kwa magogo mabichi ili mdogo wangu aione nyumba yake. Alikaa. Unajua tena anavyokaa.

Kisha akaniuliza, "Ataiona siku moja. Ataishi humo miaka mingapi?"

Nikasema nitamwomba Mungu iwe thelathini.

"Miaka thelathini apapase ukuta uliopasuka? Mlango unaokwama, na yeye haoni unakwamia wapi? Hapana, mama. Mtu anayeona anaweza kuishi kwenye nyumba mbovu, anaruka palipoharibika. Yeye nitamjengea nzuri."

Nilitaka kumpiga na lile gogo. Nikageuka niondoke, akaniita. Akasema kwa Mama Msumeno kuna mwerezi uliokatwa miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya mteja aliyehama. Ni mkavu kabisa. Hautoshi nyumba, lakini unatosha zile safu za chini, na zile zinaweza kulazwa mwaka huu bila kuharibu kitu. Msingi Oktoba, mwerezi Novemba. Msonobari utapanda juu yake mwakani ukiwa tayari.

Halafu akasema, "Mwambie asingoje nyumba iishe ndipo aje. Aje sasa. Mimi ninahitaji mtu wa kukaa na haya magogo."

Kwa hiyo ninakuuliza, na ujibu bila kuzunguka. Huko unabakia nini?

Dada yako


15 Agosti

Dada mpenzi,

Hii nimeiandika mwenyewe kwa kalamu nene na taa mbili, kwa hiyo uiinamishe kama sinia na usilalamike.

Kwanza niliikasirikia barua yako siku nne. Siku ya tano nilikwenda kwa mkuu wangu kumwambia ninaacha kazi. Nilikuwa nimejiandaa kubembelezwa. Akanipa mkono na kusema nimefanya jambo la busara, na chumba kizima kikapiga makofi kabla sijabadili mawazo. Ndege ni tarehe tano Oktoba.

Huku ninabakia nini? Nimetafuta jibu. Nina chungu cha maua ambacho ni cha jirani.

Nimesomewa barua zako zote upya kwa mpangilio. Mama wa meza ya jirani ametuhesabia. Polepole ametajwa zaidi yangu, na nyumba ni yangu. Tunajua urefu wake, makovu yake, anavyokaa, na mkewe alifariki lini. Bingwa hukutuambia hata kama ana meno. Sisemi kitu, nasahihisha tu.

Na jambo moja zito. Vyumba ni viwili. Cha pili sikusema ni cha nani, nikidhani utauliza. Hukuuliza. Sitaki mlezi, Dada, nakuapia, nitajifunza kupika na kujichoma kama wanaume wote. Lakini goti lako limechoka na ule mtaa una kelele. Fikiria.

Nukta


2 Desemba

Dada mpenzi,

Tangu urudi mjini siku ya tatu baada ya kunipokea, mwandishi wangu amekuwa Polepole. Anaandika kama anavyojenga. Sentensi hii ya kwanza imetuchukua chai nzima. (Si kweli. Nusu kikombe. – P.)

Sote wazima. Nalala kwenye kibanda cha vifaa, kitanda kimoja na misumeno kumi na miwili. Shangazi aliletwa Jumapili, akaugonga ukuta kwa fimbo, akazunguka akitafuta mlango wa mbuzi.

Ndiyo, nimesema ukuta. Mwerezi umelazwa. Msingi ni wa mawe, umenyanyuka juu ya ardhi ili maji ya mvua yapite pale Polepole aliposema yatapita, na juu yake kuna safu nne. Kila gogo limechongwa pengo kwenye ncha, likakalia lenzake kama mtu anavyokalia tandiko. Hakuna msumari hapo. Nilisimama na kile kibomba changu cha kuonea na kuzipitia kwa macho safu moja baada ya nyingine, kutoka kona hadi kona, nikihesabu vifundo. Polepole aliniacha. Kutwa nzima hakuja kuniuliza kitu. (Nilikuwa na kazi. – P.)

Jioni jua likawa linaingia chini, upande wa bonde, na ule mwerezi ukawa mwekundu. Niliingia ndani kwa pengo lililoachwa pale mlango utakapokuwa. Nikasimama katikati ya nyumba yangu, kuta zinanifika kiunoni, na juu yake mbingu yote. Nilijizungusha, nikaona bonde na mlima pande zote nne bila ukuta kunizuia, jambo ambalo nyumba ikiisha haitawezekana tena.

Kwa hiyo nimeiona, Dada. Nimeiona mpaka kiunoni. Inatosha, iliyobaki nitaishika.

Swali langu la chumba cha pili bado halijajibiwa.

Nukta


20 Januari

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu wawili. Kengele anatambaa na ameshamng'ata daktari. Kuna harusi nne mwezi huu, nina magauni hadi juu ya friji, na mmoja wa mabibi harusi anaongezeka unene kila akija kupimwa, sijauliza.

Goti liko palepale. Mtaani wamefungua duka la kuuza spika, mlango unaopakana na wangu.

Barua yako ya Desemba nimeisoma sana. Naiweka kwenye droo ya mikasi, ili nisiitafute mbali.

Kuhusu chumba, mtu ana wateja wake. Mtu ana umri wake. Watu watasema nini, mjane kama mimi kuhamia mahali ambapo fundi hajamaliza kazi. Tuliache.

Mwambie Polepole nimemtumia koti la kazi. Kifua nimekikadiria tu kwa macho.

Dada yako


19 Machi

Dada mpenzi,

Nakuamkia. Koti limemkaa Polepole kana kwamba ulimpima. (Limekaa vizuri. Ahsante. – P.)

Nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu. Tangu katikati ya Februari sioni ila mwanga na kivuli. Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Nilikaa kwenye kibanda siku mbili, sikutaka kutoka. Siku ya tatu Polepole alibisha hodi, akasema msonobari umekauka, anaanza kupandisha, na kama nina nafasi nimpitishie magogo.

Ndiyo kazi yangu sasa. Kila gogo kabla halijapanda linalazwa mbele yangu, na mimi napita nalo kwa viganja kuanzia shina hadi ncha. Natafuta nyufa zinazozunguka badala ya kunyooka, mahali palipolainika, vifundo vilivyolegea. Nimeshakataa matatu. La tatu Polepole alibisha, akasema ni zima. Tukalikata katikati tukaona limeoza ndani kama andazi lililoachwa mvuani. Tangu siku hiyo habishi. (Nilibisha kidogo. – P.) Dada, niliingia nikiwa nimekufa moyo, na jioni nilikuwa nagombana na mtu kuhusu kazi. Hujui raha yake.

Kuta zimefika juu. Zimeziba, zinanukia, na ndani mwake sauti yangu imebadilika. Paa linaanza wiki ijayo.

Jambo moja hujui kuhusu nyumba za magogo, hata mimi sikulijua. Madirisha hayaachwi tangu mwanzo. Ukuta unajengwa mzima, ndipo yanakatwa kwa msumeno. Ukishakata umekata. Yangu yameshapimwa. Kimebaki chumba cha pili, na hapo mwandishi wangu amegoma kuandika ninachomtamkia. Nimemwambia basi aandike chake, mimi natoka nje.

Mama,

Nimechora dirisha la chumba cha pili, kimo cha mtu aliyekaa kazini. Sijui fundi wa nguo anataka mwanga uingie kutoka kushoto au kulia. Nauliza kabla sijakata. Watu wakisema, waambie kazi nitakuwa nimeimaliza. Nikishamaliza nitaomba ruhusa ya kuja kwa Shangazi wako kuzungumza, kama hutakataa.

Siharakishi jibu.

Polepole


24 Machi

Mdogo wangu Nukta,

Salamu nyingi. Sote tu wazima. Kengele amesimama akishikilia meza, akaanguka, akaicheka meza. Shangazi nimemsomea ukurasa wa mwisho wa barua yenu, akaniambia niusome tena, kisha akaomba aletewe kilemba chake cha heshima, akakivaa, akakaa nacho kutwa nzima bila kwenda popote.

Pole kwa macho. Sina neno la kuongeza hapo, nitakuja nikae nawe. Na usimruhusu Polepole akubishie kuhusu magogo.

Mwenye nyumba wangu wa duka nimempa taarifa ya mwezi mmoja. Wateja wangu watatu wa zamani wameapa watapanda mlima kwa miguu kunifuata, na mmoja ameuliza kama kuna ngazi. Nikamwambia hakuna hata moja.

Sakafu iwe imara, mashine yangu ni nzito.

Mwambie fundi kushoto. Nashona kwa mkono wa kulia, mwanga ukitoka kulia najitilia kivuli.

Akate.

Dada yako